Viti Ni Wewe Uko Navyo

Baba Mado,

Naandika nikiwa nimekaa mahali nilikuapia kwamba sitakaa. Usicheke. Najua unacheka. Niko ndani ya gari, ku kiti ya dirisha, karatasi nimeiweka juu ya kifuniko ya motere yako, ile injini yako, na motere ingali na joto, basi mukono yangu inatoka jasho na wino inapaka. Ukiona mahali maneno yamechafuka, si machozi, ni motere. Machozi nilimaliza mwaka jana, na nililia mingi, uliza pasteri.

Naandika Kiswahili juu ni lugha yetu sisi wawili. Watoto naongea nao Kibemba, ku kanisa Kibemba, ku soko Kibemba, na Kiswahili imebaki ya wale wa ng'ambo wakivuka ziwa na mali yao. Tunasalimiana, tunabishana kidogo, wanapanda bwato wanarudi kwao. Tangu uende, hakuna mutu mu nyumba wa kuniita Mama Mado. Watu wote hapa Nchelenge wananiita BanaMado. Najua ni kitu kimoja. Lakini wewe ulikuwa unavuta ile "maaama" kama unataka chai, hata kama hutaki chai.

Bon. Mwanzo ya habari unaijua, lakini wewe ulikuwa unaisimulia vibaya, kila mara mimi ndiye mubaya. Leo nasimulia mimi, na huwezi kunikatiza.

Gari hii ilikuwa yangu. Narudia: yangu. Gari ya familia, viti viwili mbele na vitano nyuma, ya kubeba watoto, wamama wa kwaya, mabibi-arusi, wagonjwa, mbuzi, na magunia yangu ya chisense, wale samaki wadogo ambao harufu yao haikutoka ku nguo zangu tangu tuvuke kutoka Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, na Mado angali tumboni. Nilikuwa napeleka samaki Mwansabombwe, narudi na mihogo. Siku motere yake ilikufa njiani, tulisukuma mpaka viatu vyangu vikakatika, na wewe ukaniambia nisihangaike, utavuka ng'ambo utafute motere ingine. Nikakufungia bukari, ugali ya safari, na samaki wa kukaanga. Nikakusindikiza mpaka ku maji. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nilikusindikiza ukalete ule wazimu!

Ulirudi na bwato ya mudogo yako Kalala. Kitu imefunikwa na magunia ya unga, watu wanne wakaishusha, ikashuka nyeupe yote. Nikauliza hii motere ni ya gari gani. Ukajibu, "Ya mashindano," bila hata kupepesa macho. Eti muzungu mumoja wa Lubumbashi aliingia mu mufereji siku ya kushindana, gari ikaisha kabisa, motere ikabaki nzima, na wewe ukamutengenezea jenereta zake mbili, akakupa. Halafu ukanionyesha ile picha. Uliichana ku gazeti ya zamani, ukaikunja mu mufuko ya shati mpaka ikapasuka katikati. Gari ya familia kama yetu, na Wazungu wamefunga motere ya mashindano pale pale watoto wanakaa. "Konsepti," ulisema. Nikauliza konsepti ni nini. Ukasema ni gari ya kuonyesha wazo. Nikauliza inabeba nini. Ukasema, "Inabeba wazo."

"Wazo tutalikula na bukari?" nilikuuliza.

Ulicheka. Mimi sikucheka. Ulitoa viti vyangu vyote vitano vya nyuma, ukaviweka chini ya ukuta, na mvua ikaanza kutishia. Nikaviingiza ndani ya nyumba, kile kirefu nikakiacha barazani, na nikatangaza mbele ya watoto wote: kuanzia leo hivi ni viti vya nyumba, mutu asiviguse, na mimi humo ndani ya gari sitapanda, sitatia hata kichwa, mpaka viti vyangu virudi. Unanijua. Nikisema nimesema. Miaka miwili sikutia kichwa. Jembe ikiwa imewekwa humo, nilikuwa namutuma Mado.

Na miaka miwili nilienda Mwansabombwe nikikaa juu ya magunia ku malori ya watu, jua ya kichwa, vumbi ya meno. Nilikuwa narudi nakuta miguu yako inatoka chini ya gari, na miguu ya Mado pembeni ya yako, munaongea mambo ya bomba na pampu mukicheka. Nilikuwa na hasira, Baba Mado. Nilikuwa pia na wivu, hiyo sikukuambia. Mulikuwa na nyumba yenu pale chini, na mimi sikukaribishwa. Nilidhani sikukaribishwa.

Unakumbuka Jumapili ile iliwaka mara ya kwanza? Ulisema una homa, hukuja kanisa, kumbe uongo. Tuko mu maombi, tunasikia ngurumo, vioo vinatetemeka. Pasteri alidhani ni mvua kubwa, akafupisha mahubiri. Watu walikushukuru wiki nzima. Halafu ikazimika, na ikaendelea hivyo: inawaka, inanguruma, inakufa.

Na Ba Chanda! Lazima niiandike hii, hata kama unaijua, juu kuna kitu sikukuambia. Ba Chanda ndiye anaandikia watu majina ku mabwato na ku maduka, na alikaa Lubumbashi ujana wake, anajivunia maneno yake matano ya Kifaransa. Ulimuita, ukamuonyesha mulango, ukamuambia aandike "konsepti", ukaenda zako ku maji. Yeye akafikiri. Konse, kwa Kibemba, ni kila mahali. Na "peti", kwa Kifaransa yake, ni kadogo. Konse, peti. Akaelewa kwamba unataka neno Konse, iandikwe kadogo. Akachukua burashi nyembamba kuliko zote, akaandika KONSE chini kabisa ya mulango, herufi kama za chupa ya dawa. Ukarudi. Ukaizunguka gari mara mbili ukitafuta maandishi. Ba Chanda anasimama pale, anangoja sifa. Mara ya tatu ndipo uliinama.

Ulicheka mpaka ukakaa chini mu mchanga. Na mimi, kitu sikukuambia: nilikuwa nachungulia mu dirisha ya jikoni, na nilicheka pia, nimejaza kitenge mu mudomo ili usisikie. Nilikuwa nimeapa kukasirika. Nisamehe hiyo kicheko niliyokunyima.

Basi jina ikabaki. Mtaa muzima: Konse, Konse. Gari inaitwa Kila Mahali na haijatoka hata ku geti. Watoto wa jirani walikuwa wananiuliza nikipita na beseni kichwani, "BanaMado, leo Konse inaenda wapi?" Nilikuwa nawajibu, "Kwa mama yenu."

Sasa nafika mahali pagumu. Ngoja.

Alhamisi ile ya mvua uliingia jikoni unapangusa mikono. Ulisema, "Twende tu mpaka ku soko ya Kashikishi, mara moja, itafika." Sikugeuka. Nilikuwa nasonga bukari. Nikasema, "Viti kwanza." Na wewe ukacheka kidogo, ukasema, "Viti ni wewe uko navyo."

Nilidhani ni dharau. Nilifikiri, huyu mutu, ametoa viti vyangu, na sasa ananiambia ni mimi niko navyo! Nikakuwekea chakula bila kukuangalia. Jumapili kifua ikakubana. Tulikufikisha kliniki, walifanya walichoweza, na Jumatatu asubuhi hukuwepo tena. Baba Mado, lile neno lilinikula mwaka muzima. Nikiosha vyombo, nalisikia. Nikikaa ku hivyo viti, nalisikia. Nilijiona muke mubaya, muke ambaye mume wake alimuomba safari ya dakika kumi na akamunyima.

Hata ku kilio yako, siku za matanga, watu walikaa ku hivyo viti. Hatukuwa na vingine. Wazee wenzako wawili wawili ku viti vya gari, barazani, wanaimba. Ba Chanda alijifunga mukanda ya kiti, sijui ni huzuni ama ni mazoea, na alipotaka kusimama kuomba, mukanda ikamurudisha chini. Watu walicheka ku kilio. Nikafikiri, angekuwa hapa angefurahi.

Kisha miezi ikapita, na watu wakaanza kunishauri, unajua watu. BanaMado, uza. BanaMado, hiyo ngurumo ya marehemu itakusaidia nini. Akatokea bwana mumoja wa Chienge, mutu mwenye adabu, anataka motere aifunge ku bwato yake kubwa. Na mimi nilikubali. Usikasirike. Nilifikiri: itoke, nitafute motere ya kawaida, nirudishe viti vyangu, nirudie kazi yangu. Na nilitaka pia kuacha kuiona pale kila asubuhi.

Bwana wa Chienge akafika na vijana wane na kamba. Nikamuambia Mado awafungulie. Akasema, "Awe, hapana, mama. Mimi sifungui, na komeo haina. Fungua mwenyewe." Nikafoka kidogo. Halafu nikafungua mwenyewe. Nikatia kichwa.

Baba Mado.

Nilifikiri nitakuta lundo ya vyuma. Kumbe kulikuwa safi kuliko jikoni yangu. Motere katikati, umeijengea sanduku ya bati, umeipaka rangi ya bluu. Na chini, kuizunguka, mashimo. Mashimo mane mane, umeyatoboa kwa mupango, umeyasugua pembeni yasikwaruze mutu. Bwana wa Chienge akauliza kama haya mashimo ni ya motere. Halafu akaona kopo ya maziwa inaning'inia ku waya, akaishusha, imejaa bolti na nati, na juu yake karatasi. Akaigeuza hivi na hivi. "Mama, hii lugha siijui," akasema, akanipa.

Uliandika Kiswahili. Karatasi ilikuwa imeshakuwa njano, inaonekana ilikaa pale zaidi ya mwaka kabla hujaenda. Naiweka hapa kama ilivyo, ili ujue ilifika:

"Mama Mado, mashimo ni tayari. Vitatu nyuma ya motere, viwili pembeni. Yako ni dirisha ya ziwa, tukienda Puta kwa dada. Yangu ni ule upande mwengine. Mado ataendesha. Bolti ni hizi. Vinabaki viti tu, na viti ni wewe uko navyo."

Nilikaa chini mule ndani, ku bati. Nililia na nilicheka, vyote pamoja, vijana wa watu wanasimama na kamba zao hawajui wafanye nini. Mukaidi wewe! Ungeweza kuvichukua siku yoyote, mimi niko Mwansabombwe na samaki zangu. Hukuvichukua, juu nilisema mutu asiviguse. Ulingoja nivitoe mwenyewe. Na mimi nilingoja uvirudishe. Miaka miwili tunangojana, mume na muke, na katikati ni mulango moja ya gari ambayo haikuwa hata imefungwa na komeo.

Nikamuuliza Mado kwa nini hakuniambia. Akasema ulimuapisha. "Baba alisema mama ataangalia mwenyewe." Nilitaka kumupiga, nikamukumbatia, ananuka mafuta kama wewe.

Bwana wa Chienge akakohoa, akauliza kwa adabu kama waanze. Nikasema, "Muanze na kile kirefu cha barazani." Wakaangaliana. Nikawaonyesha na kidole. Na wale vijana wane, waliokuja kunitolea motere, ndio walibeba viti vyangu vyote kutoka mu nyumba mpaka mu gari. Kila kiti ilikaa ku mashimo yake bila kusukuma. Niliwapikia bukari na samaki, wakala wakashiba. Bwana wa Chienge alirudi kwake mikono mitupu, lakini mpaka leo akikutana na mutu wa hapa anauliza, Konse inaendelea aje?

Mado alichukua wiki tatu. Alikuwa anatengeneza motere za mabwato asubuhi, na mchana anaingia chini ya gari na kofia yako. Ubovu ilikuwa bomba moja ya maji na ile pampu. Nami, usishangae, nilikuwa napeleka stuli yangu pale nje, nachambua samaki, tunaongea. Ananifundisha majina ya vitu. Ilipowaka na isizimike, aliinama akiisikiliza. Akasema tu, "Baba." Kwa Kiswahili.

Tulienda Puta Jumamosi. Mado ku usukani, watoto wako wawili wa mwisho nyuma, na Ba Chanda, ambaye aliomba twende naye aone maandishi yake yakitembea. Mimi dirisha ya ziwa. Ulipima vizuri, miguu yangu mifupi inafika chini, sijui ulinipima lini. Hauwezi kuongea mule ndani kwa sababu ya ngurumo, tulikuwa tunaimba tu, na joto ya motere inakuja ku magoti kama tunaota moto. Nilikuwa na bukari imefungwa mu kitambaa, sina mahali pa kuiweka, nikaiweka juu ya sanduku yako ya bluu.

Mado alikuwa anaenda pole pole, anaangalia uso yangu mu kioo. Watu wanatoka mu manyumba, watoto wanakimbia, wanapiga kelele, "Konse! Konse!" Tulipofika pale barabara inanyooka, akagusa kidogo tu. Mgongo yangu ikashikwa na kiti. Nikapiga kelele, "Mayo, mama wee!" Akatoa mguu haraka, akageuka na woga. Na mimi, unanisikia, mimi niliyeapa, nikamuambia, "Ongeza."

Akaongeza. Baba Mado, ziwa ilikuwa inakimbia mu dirisha yangu, na nilikuwa nacheka na mudomo wazi, bila kitenge. Nilielewa wazo yako. Hakuna haja ya kunielezea tena.

Dada yako alitusikia kabla hajatuona. Alitoka mbio na unga ku mikono, anaangalia juu, anatafuta ndege. Alipoona hukushuka, akakumbuka, akalia kidogo, tukalia naye. Halafu nikafungua kitambaa. Safari yote ile, na bukari inatoa mvuke kama nimeitoa ku moto sasa hivi. Tukaikula pale pale mulangoni mwa gari, na samaki wake. Basi jibu ya swali yangu ndiyo hiyo. Wazo tumelikula na bukari. Ilikuwa tamu.

Kitu kimoja hukufikiria, na nitakuambia, juu hupendi kuambiwa. Kurudi! Uliandika "tukienda Puta". Ukirudi, ziwa inahamia upande mwengine, na mimi niko naangalia mashamba. Wewe na akili yako yote. Tulipogeuza gari, nikaangalia ule upande, kiti yako iko wazi, ziwa yote iko pale. Nikahamia. Nikakaa ku kiti yako mpaka nyumbani. Sijui, pengine ulifikiria.

Sasa Konse inaenda Mwansabombwe na samaki zangu, Kashikishi, Chienge, kila mahali kama ilivyoandikwa. Asubuhi za baridi wamama wa kwaya wanagombania viti vya karibu na motere. Ba Chanda alikuja kuniomba arekebishe ile kazi, aongeze herufi zilizobaki, kubwa kubwa, hata bure, kwa heshima yako. Nimemukatalia. Ibaki Konse, ibaki kadogo, anayetaka kusoma ainame.

Mu nyumba hakuna mahali pa kukaa. Wageni wanakaa ku mukeka, pasteri analalamika magoti. Nimemuambia akitaka kiti apande gari.

Nakuahidi kitu moja, na nikisema nimesema. Mutoto wako akiniletea wazimu wake, nitatia kichwa ndani kwanza, niangalie na macho yangu, ndipo nikatae. Sikuahidi kwamba sitakataa. Lakini nitaangalia. Na siku si nyingi, juu jana nikifua shati ya Mado nilikuta mu mufuko picha imekunjwa, ya gazeti. Nimeikausha, nimeirudisha mahali pake. Kesho nitamuuliza inabeba nini.

Karatasi yangu inaisha na motere imepoa. Barua hii naikunja, naiweka mu kopo ya maziwa pamoja na yako, nairudisha ku waya, upande wa kiti yako. Wewe uliniandikia wa kwanza, mimi nimechelewa tu kujibu.

Lala vizuri, mume wangu. Viti sina tena.

Mama Mado